Maswali ya wasomaji: Kila bomu linalotoka lina deni la maji

Barua nyingi za mara hii zinauliza jambo moja: nyambizi za mwanzo zilizotega mabomu baharini zilifanyaje kazi? Tumechagua saba. Katika majibu yetu, "bomu" ni bomu la kutegwa baharini pamoja na nanga yake. "Ganda la ndani" ni lile gumu linalohimili mgandamizo wa maji na kuwaweka watu hai. "Ganda la nje" ni jepesi, na maji huingia na kutoka humo bila shida.

SWALI: Naandika riwaya ya jeshi la majini la nchi ya kubuni, mwaka 1911. Nyambizi yao ya majaribio ina tani 500, mabomu 36 yamepangwa ndani pamoja na wanamaji, na tundu moja la kutolea huko tezini, yaani nyuma kabisa ya chombo. Nahodha anatega yote 36 kwa dakika 10 akiwa chini ya maji, kisha anaibuka palepale kuikagua kazi yake. Inaaminika?

JIBU: Ndugu mwandishi, mwaka unaaminika, na tani pia. Muda hauaminiki hata kidogo, na kuibuka palepale kutammaliza nahodha wako kabla ya sura kwisha.

Kwanza nafasi. Pima chombo chako kwa nyambizi mbili za kweli. Krab ya Urusi ilikuwa na zaidi ya tani 500 ikiwa juu ya maji, urefu wa karibu mita 53, na ilibeba mabomu 60. Nyambizi za Kijerumani za kundi la U 71 zilikuwa na tani 755 lakini zilibeba mabomu 34 tu. Kwa nini ile ndogo ikabeba karibu maradufu? Kwa sababu Krab iliyaweka mabomu yake nje ya ganda la ndani, katika vichochoro viwili virefu chini ya sitaha, humo humo majini. Zile za U 71 ziliyaweka makavu, ndani, nyuma ya chombo. Bomu lililo ndani linanyang'anya nafasi betri, mota, vitanda na watu. Kwa tani 500, mabomu 36 makavu ni mengi mno. Ama uyapunguze yafike 12 hivi, ama ubaki na 36 uyatoe nje kwenye vichochoro.

Sasa muda. Tundu la tezini haliachwi wazi, la sivyo bahari yote itaingia ndani. Ni mrija wenye milango miwili, na kila bomu linapitia hatua hizi: fungua mlango wa ndani, sukuma bomu liingie, funga, jaza mrija maji, sawazisha mgandamizo na wa nje, fungua mlango wa nje, sukuma bomu litoke, funga, kisha toa maji kwenye mrija. Tuseme wanamaji waliozoea wanatumia dakika 4. Mabomu 36 yatachukua saa 2 na dakika 24. Tena angalia umbali: chombo kinachokwenda maili 3 za baharini kwa saa kinapita mita 93 kwa dakika, kwa hiyo kati ya bomu na bomu patakuwa na mita 370. Meli ya mizigo inapita hapo katikati bila hata kujua kwamba kuna mtego. Ndiyo maana mrija hutengenezwa mrefu wa kumeza mabomu mawili au matatu kwa pamoja.

Ukitumia vichochoro vya nje hadithi inabadilika. Mabomu yanakaa juu ya reli, yana magurudumu madogo, na mnyororo au skrubu ndefu inayozungushwa na mota ya umeme inayasogeza kuelekea tezini. Hapo unaweza kuangusha bomu kila baada ya sekunde 39, ambayo ni mita 60 kwa mwendo uleule. Usiyasogeze karibu zaidi ya hapo, kwa kuwa bomu moja likilipuka linaweza kulipua jirani yake au kuliharibu. Mstari wa mabomu 36 utakuwa na urefu wa mita 2,100, na kazi itachukua dakika 23. Hizo ndizo dakika za kuandika.

Na kuibuka? Bomu linalotegwa na nyambizi halitakiwi kuwa tayari linapotoka. Linashuka chini na nanga yake, linasubiri kizibo kiyeyuke majini, ndipo linapanda. Kama kizibo kinachukua dakika 20, bomu la kwanza litapanda wakati nahodha yupo umbali wa kilomita 1.85, bado anayateremsha ya mwisho. Baada ya bomu la 36 anahitaji dakika nyingine 20 kwa njia iliyonyooka, bila kugeuka nyuma. Kwa hiyo riwaya yako ina dakika 43 za watu kukaa kimya wakihesabu. Kwa maoni yetu hiyo ni sura nzuri kuliko kuibuka.

SWALI: Bomu moja ni zito sana. Likitoka, nyambizi inakuwa nyepesi. Kwa nini haifyatuki juu kama kizibo cha chupa?

JIBU: Hufyatuka, kama waliomo hawakulipa deni. Swali hili ndilo moyo wa mambo yote. Aliyelielewa ameielewa nyambizi ya kutega mabomu, na mengine ni mapambo.

Nyambizi iliyo chini ya maji imepimwa iwe na uzito uleule wa maji iliyoyasukuma. Haipandi, haishuki. Sasa chukua bomu la mfano lenye kilo 700 pamoja na nanga, na ujazo wa mita 0.45 za ujazo. Maji ya bahari yana karibu kilo 1,025 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bomu hilo linasukuma maji ya kilo 461. Likiwa majini uzito unaobaki ni kilo 239 tu.

Ikiwa bomu lilikuwa kwenye kichochoro cha nje, tayari limezungukwa na maji. Likitoka, maji yanajaza nafasi yake yenyewe, na deni la nyambizi ni zile kilo 239, sawa na lita 233. Mhudumu wa matangi anafungua vali na kuziingiza.

Ikiwa bomu lilikuwa kavu ndani ya ganda la ndani, deni ni kilo 700 zote. Ganda halikupungua ukubwa, linasukuma maji yaleyale, lakini uzito wake umepungua. Sehemu ya deni, zile kilo 461, inaingia yenyewe bomu linapoacha nafasi ndani ya mrija uliojaa. Hapo ndipo wabunifu wengi wa kwenye karatasi hujikwaa. Wakati wa kukausha mrija kwa ajili ya bomu linalofuata, wanayatoa maji hayo baharini kwa hewa iliyoshindiliwa. Ni kosa kubwa. Wanautupa uzito waliouhitaji, na viputo vinapanda juu kumwonyesha adui mahali walipo. Maji ya mrija lazima yashushwe kwenye tangi lililo ndani ya chombo.

Kwa mabomu 36 ya msomaji wetu wa kwanza, mpango wa nje unadai tani 8.6 za maji. Mpango wa ndani unadai tani 25.2, yaani matangi ya karibu mita 25 za ujazo ndani ya chombo ambacho tayari hakina pa kupitisha bega.

Halafu kuna mlalo, yaani chombo kukaa sawa bila kuinama mbele wala nyuma. Kilo 239 zikitoka mita 20 nyuma ya kitovu cha chombo, ni kama wanaume watatu wa kilo 80 wameruka nje kwa mpigo kutoka tezini. Tezi inapanda, omo (sehemu ya mbele) inainama, na rafadha (mapanga yanayosukuma chombo) zinaendelea kusukuma: chombo kinaelekea chini. Kwa hiyo maji ya fidia huingizwa kwenye tangi la nyuma, na huingizwa bomu linapotoka, si baada ya watu kuona sindano ya kina imesogea. Sindano ikisogea umeshachelewa. Kwenye vichochoro kuna la zaidi, kwa sababu mabomu yaliyobaki nayo yanasogea nyuma kila mara, na uzito unahama bila chochote kutoka. Mhudumu anahitaji jedwali lililopigiwa hesabu bandarini: baada ya bomu la 1 lita kadhaa nyuma, baada ya bomu la 10 lita kadhaa mbele, na kadhalika.

Matangi yenyewe yawe membamba, yenye kuta za kati. Tangi pana lililojaa nusu ni hatari. Chombo kikiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito.

Krab ilikuwa na jibu la busara kuliko yote: mabomu yaliundwa yawe na uzito sawa na maji yanayoyasukuma. Bomu likitoka, deni ni sifuri. Nanga yake ilikuwa na chumba kitupu kilichojaa maji baada ya kutoka, ndipo bomu likapata uzito wa kushuka. Mabomu ya kawaida ya ghalani hayakufaa kwa mpango huo, ilibidi yatengenezwe ya peke yake.

SWALI: Bomu linajuaje lisimame mita ngapi chini ya uso wa bahari?

JIBU: Meli ya juu ya maji inaweza kutumia timazi. Bomu linaelea, nanga inashuka ikiwa imetanguliwa na timazi lenye kamba ya mita 3, tuseme. Timazi likigusa chini, waya unafungwa, na nanga inamaliza mita 3 zilizobaki ikilivuta bomu. Bomu linabaki mita 3 chini ya uso.

Nyambizi haiwezi kuacha mabomu yakielea juu ya kichwa chake. Kwa hiyo mengi ya mabomu yake hufanya kinyume, huanza chini. Kizibo kikiyeyuka, springi inafungua kulabu, bomu ambalo ni jepesi kuliko maji linaiacha nanga na kupanda, na waya unajikunjua kutoka kwenye ngoma yake. Kifaa cha kupima mgandamizo ndicho kinachoamua. Ni kisahani kinachosukumwa na maji upande mmoja na springi upande wa pili. Mgandamizo ukipungua hadi kiwango kilichowekwa, springi inashinda na kusukuma jino kwenye ngoma. Waya unasimama.

Tazama jinsi nguvu zilivyo ndogo. Kisahani cha sentimita 50 za mraba kinasukumwa kwa nguvu ya kilo 5 tu kwa kila mita ya kina. Springi iliyolegea au kushika kutu kiasi cha kilo 5 inaliweka bomu mita nzima mahali pasipo pake. Waya ukipandana kwenye ngoma, bomu linabaki karibu na chini, na meli zinapita juu yake salama. Nanga ikitua penye mteremko, inaweza kuteleza hadi kina kikubwa na kulivuta bomu chini pamoja nayo.

Kilipuzi cha kawaida cha wakati ule kilikuwa pembe ya Hertz, iliyobuniwa mwaka 1868. Ni pembe ya madini laini ya risasi, na ndani yake mna kichupa cha kioo chenye asidi. Meli ikiipinda, kioo kinavunjika, asidi inaingia kwenye betri iliyokuwa kavu, na umeme unazaliwa papo hapo. Uzuri wake, na ubaya wake, ni kwamba betri haichakai kabla ya kuguswa. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1907 ulidai bomu lililotiwa nanga likikatika liwe halidhuru tena. Njia moja ya kutimiza hilo ni swichi inayoshikiliwa na mvuto wa waya, mvuto ukiisha njia ya umeme inakatika. Ndugu mwandishi wa riwaya, nchi yako ya mwaka 1911 ingekuwa imeusikia mkataba huo.

SWALI: Sisi marafiki wawili tunabishana. Mmoja anasema nyambizi ya kwanza ya kutega mabomu ni ya Warusi, mwingine anasema ni ya Wajerumani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kila mmoja ana chake. Warusi walianza kuibuni na kuijenga mapema zaidi, Wajerumani wakawahi kuitumia vitani.

Chanzo ni Port Arthur, bandari ya Warusi huko China, katika vita vya Urusi na Japani, mwaka 1904. Tarehe 13 Aprili manowari ya Urusi Petropavlovsk ililipuka juu ya mabomu ya Wajapani na kuzama na Admeri Makarov, kamanda wa meli za Warusi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Mei, Wajapani nao wakapoteza manowari mbili, Hatsuse na Yashima, juu ya mabomu yaliyotegwa na meli ya Urusi Amur. Mikhail Naletov, fundi wa barabara na reli, alikuwa humo bandarini. Aliona kile ambacho maofisa wengi hawakukitilia maanani: bomu dogo, likiwekwa kimya kwenye njia ambayo adui anapita kila siku, linafanya kazi ya kundi zima la meli. Alianza kujenga nyambizi ndogo ya mabomu 4 palepale ndani ya mji uliozingirwa. Mji ulipokaribia kuanguka, chombo kikaharibiwa kisichukuliwe.

Krab ilijengwa Nikolayev, ikashushwa majini mwaka 1912, na kuingia kazini mwaka 1915. Kuchelewa huko kunaeleweka. Karibu kila kilichokuwamo kilikuwa kipya: vichochoro, bomu lisilo na uzito majini, nanga yake, matangi. Jambo moja likibadilishwa, mlalo wote unapigiwa hesabu upya. Na injini zake nne za mafuta ya taa, kila moja nguvu farasi 300, ziliwasumbua mafundi. Tunaona kosa la mradi halikuwa wazo la Naletov. Kosa lilikuwa kuweka wazo jipya na injini zisizotegemewa ndani ya chombo kimoja cha majaribio. Chombo cha aina hii kijaribu jambo geni moja tu, mengine yote yawe ya kuzoeleka.

Mwezi Julai 1915 Krab ilitega mabomu 58 karibu na mlango wa Bosporus. Tarehe 18 ya mwezi huo manowari Breslau iligonga bomu huko ikakaa nje ya mapigano kwa miezi kadhaa. Lakini nyambizi ndogo za Kijerumani za kundi la UC zilikuwa tayari zinategea mabomu pwani ya Uingereza. Hizo ziliagizwa baada ya vita kuanza mwaka 1914, na zilikuwa kazini mwaka uliofuata. Siri ya kasi yao ni kwamba Wajerumani waliondoa kila kitu kisichohusu mabomu.

SWALI: Natengeneza mfano wa UC ya kundi la kwanza kwa kipimo cha 1:72. Mashimo ya mabomu yanakaaje?

JIBU: Kundi la kwanza, UC 1 hadi UC 15, lilikuwa na urefu wa karibu mita 34, kwa hiyo mfano wako uwe na sentimita 47 na milimita 2. Upana wa mita 3.15 unakuwa milimita 44. Mashimo ni 6, yako sehemu ya mbele, yamepangana kwenye mstari mmoja wa katikati, na kila moja lilibeba mabomu 2. Kipenyo cha shimo ni sentimita 100, ambazo kwako ni milimita 14. Ukipata bomba la plastiki la kipenyo hicho, kata vipande sita virefu kidogo kuliko kimo cha chombo, kisha vipunguze baada ya kuvigundisha.

Usiyasimamishe wima. Yaliinama: mdomo wa juu umesogea mbele, wa chini nyuma, ili bomu liteleze na kuachana na chombo kinachokwenda mbele bila kugonga ukingo wa shimo. Ukikosea upande wa kuinama, mfano wote unasema uongo. Anza kwa kutoboa mkuku (uti wa chini wa chombo), kisha tumia kijiti kilichonyooka kupata mahali pa tundu la juu. Ukianza juu, mara nyingi matundu ya chini hukataa kukaa kwenye mstari.

Sitaha ya mbele ilinyanyuliwa ili kuufikia urefu wa mashimo, ndiyo maana UC inaonekana imetunisha kifua. Juu ya midomo kulikuwa na nondo za wavu, na mashimo yalikuwa wazi kwa maji ya bahari. Usiweke mzinga wala matundu ya topido. Kundi la kwanza halikuwa navyo, wala nafasi ya kuviweka haikuwepo kwa watu 14 waliokuwamo. Kama picha uliyonayo inaonyesha mzinga, unatazama kundi la pili, lenye tani 417 na mabomu 18.

SWALI: Ni kweli nyambizi nyingi za kutega ziliuawa na mabomu yake zenyewe? Ilikuwaje?

JIBU: Kweli kabisa. UC 12 ilifia karibu na Taranto mwezi Machi 1916 ikitega, Waitalia wakaiinua na kuitumia wenyewe kwa jina X 1. UC 32 ililipuka karibu na Sunderland mwezi Februari 1917, na UC 42 karibu na Cork mwezi Septemba mwaka huohuo.

Sababu ya kwanza ni kizibo. Bomu linalokaa majini siku kadhaa ndani ya shimo lazima kizibo chake kifunikwe hadi litoke. Kifuniko kikivuja, saa inaanza kuhesabu likiwa bado tumboni mwa nyambizi. Bomu linaachana na nanga ndani ya shimo, au linapanda mara tu baada ya kuangushwa, chini ya tezi yenyewe.

Sababu ya pili ni maji kujaa na kupwa, na hapa tungependa wasomaji watulie kidogo. Kwenye UC, mashimo hayakufikika kutoka ndani. Kina cha bomu kiliwekwa bandarini kabla ya safari, na baada ya hapo nahodha hakuweza kubadilisha chochote. Chukua pwani ambayo maji hupanda na kushuka mita 5. Bomu lililowekwa lisimame mita 2 chini ya uso wakati wa maji kupwa, litakuwa mita 7 chini wakati wa kujaa, na meli yenye kina cha mita 5 itapita. Ukilitega maji yakiwa yamejaa, kifaa cha mgandamizo kitalisimamisha mita 2 chini ya uso wa wakati huo. Saa sita baadaye bomu linaelea juu, pembe zake nje, kila mtu akiliona. Kwa hiyo nahodha hakuchagua mahali tu, alifungwa na saa. Akichelewa njiani kwa saa tatu kwa kukwepa doria, mahesabu yote ya bandarini yameharibika. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti inazidi. Mkondo nao hulilaza bomu: waya unainama na bomu linashuka zaidi.

Sababu ya tatu ni kurudi palepale. Njia nzuri ya kutega ni nyembamba, na nyambizi hurudi huko mara kwa mara. Mahali pa bomu la mwezi uliopita panajulikana kwa hesabu ya mwendo na saa tu, bila nyota, chini ya maji, katika mkondo. Kosa la mita 300 ni la kawaida, na linatosha. UC 44 ililipuliwa na bomu la Kijerumani tarehe 4 Agosti 1917 ilipokuwa ikitega nje ya Waterford. Nahodha wake peke yake ndiye aliyepona, na Waingereza wakaiinua kuichunguza.

Waliotegewa nao walilipa. Mabomu ya U 75 magharibi ya visiwa vya Orkney yaliizamisha manowari ya Uingereza Hampshire tarehe 5 Juni 1916, na Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, akafa humo. Mabomu ya U 73 yaliizamisha meli ya hospitali Britannic karibu na kisiwa cha Kea tarehe 21 Novemba mwaka huohuo. Bomu halisomi msalaba mwekundu ubavuni mwa meli.

SWALI: Kwa nini nyambizi hizi maalumu hazijengwi tena, na naweza kuiona wapi moja?

JIBU: Ziliondolewa na bomu lenyewe, lilipokonda. Bomu lilipotengenezwa kwa umbo la kuingia kwenye tundu la topido la sentimita 53.3, nyambizi yoyote ikaweza kutega. Mabomu ya Kijerumani ya TMB yaliingia matatu mahali pa topido moja. Hayakuhitaji kichochoro, shimo wala mnyororo, na fidia ya maji ilitumia matangi yaleyale ya topido.

Kabla ya hapo mifumo miwili ilishindana. Waingereza waliendeleza mnyororo chini ya sitaha: walibadilisha nyambizi yao M 3 ibebe mabomu 100, kisha wakajenga kundi la Porpoise la mabomu 50. Wafaransa walichagua mashimo ya wima kwenye matangi ya ubavuni, nje ya ganda la ndani. Sisi tunaona Wafaransa walishinda. Kwenye mnyororo, bomu moja likikwama limeyafungia njia yote yaliyo nyuma yake. Kwenye mashimo, likikwama moja umepoteza shimo moja, tena unaweza kuangusha la kushoto na la kulia, la mbele na la nyuma, mlalo usiyumbe. Nyambizi yao Rubis, iliyobeba mabomu 32 kwa mpango huo, ilitega 683 katika Vita vya Pili vya Dunia.

Krab yenyewe ilizamishwa Sevastopol mwaka 1919, ikainuliwa mwaka 1935, ikawa chuma chakavu. Ya kuona ni nyambizi Lembit ya Estonia, iliyojengwa Barrow, Uingereza, mwaka 1936, na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la bahari huko Tallinn. Ukifika, zunguka ubavuni kwanza, uchuchumae utazame tumbo la matangi ya pembeni. Midomo ya chini ya mashimo iko hapo, na utaona jinsi ganda la ndani lilivyoachwa zima, halikutobolewa kwa ajili ya bomu hata moja.